Shukrani kwa uliyeshuka kutoka jukwaani

Kwako ndugu uliyekaa ukitutazama mazoezini, halafu ukashuka bila kuitwa: asante sana. Jina lako sikulipata. Ulipoondoka nilikuwa bado naokota koni.

Mimi ndiye yule kocha aliyekuwa akipaza sauti, "Toa pasi! Piga!" Vijana wangu wa hoki ya barafuni hupasiana vizuri ajabu wakiwa wamejipanga mstari na hakuna wa kuwasumbua. Siku ya mechi, beki akiwasogelea tu, macho yote chini, kisahani tunachokipiga kwa fimbo kinaishia kwa mpinzani.

Hukunihutubia. Ulisogeza magoli mawili hadi kona moja ya uwanja, ukawaingiza watatu kwa watatu, ukaweka sharti moja: kabla pasi haijakufikia, uwe umeshatazama nyuma ya bega lako. Dakika tano za kwanza zilikuwa vurugu tupu, na nakiri nilitaka kukuzuia. Kisha binti yetu mdogo kuliko wote akageuza shingo, akaona mwanya, akapiga papo hapo bila kukituliza kisahani. Kipa alikuwa bado ameng'ang'ania nguzo ya upande wa pili.

Na lile la fimbo: anayesubiri pasi aweke bapa la fimbo barafuni mapema, ili mwenzake apate pa kulenga. Jambo dogo, ila miaka yote hii sikuwahi kulisema!

Sasa kila mazoezi tunamalizia kwenye kona yako, na koni zinapumzika stoo. Ukipita tena, shuka. Filimbi nitakuachia.