Salamu za Kristo Mfalme: Mataifa Yote Mbele Zake

Ndugu zangu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo!

Nawatakia heri ya Sikukuu ya Kristo Mfalme, na Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli, yanayobisha hodi Jumapili ijayo, yawakute na afya na amani. Mwaka wa Kanisa tunaufunga tukimtazama Mfalme aliyeketi kitini, kisha tunaanza mwingine kwa kumngojea. Ndiyo maana siku hizi masomo yanatupeleka kwenye hukumu ya mwisho, jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa kuliogopa kabla ya kulielewa.

Papa Pius XI aliianzisha sikukuu hii mwaka 1925, majeraha ya vita kuu yakiwa bado mabichi na baadhi ya watawala wakidai kutoka kwa watu utii anaostahili Mungu peke yake. Injili yake katika Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, ni Mathayo 25:31–46: Mfalme anawatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi, akiwapokea waliomlisha na kumnywesha na kuwakataa wasiofanya hivyo, kwa maana waliyomtendea mmoja wa ndugu zake walio wadogo walimtendea yeye. Juma hili nimeirudia mara nyingi, nikanasa kwenye neno moja: "na mataifa yote watakusanyika mbele zake, naye atawabagua." Mataifa, kwa sarufi yetu, tungesema yatakusanyika, naye atayabagua. Wafasiri wa Biblia ya Muungano wakaandika "atawabagua", na Kigiriki chenyewe kinaelekea huko huko: yanayokusanywa ni mataifa, lakini wanaotengwa ni watu. Hakuna kabila litakalopita kwa mkumbo, wala taifa litakalokataliwa kwa mkumbo. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimesikia andiko hili likitumiwa kuwanyooshea wengine kidole, kwamba wale ndio mbuzi na sisi ndio kondoo.

Wapo wafafanuzi wanaoona kuwa "ndugu zangu walio wadogo" ni wanafunzi waliotumwa kuhubiri, kwa sababu Mathayo 10:42 inataja kikombe cha maji ya baridi anachopewa mmoja wa wadogo kwa kuwa ni mwanafunzi. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Ila sioni Mfalme huyu akimwuliza mwenye njaa cheti cha ubatizo kwanza. Na anayedhani kwamba hapa wokovu unanunuliwa kwa matendo, atazame neno "urithini". Urithi si mshahara. Ufalme uliwekwa tayari kwa ajili ya watu tangu kuumbwa ulimwengu; moto, asema aya ya 41, uliwekwa tayari kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake. Mwanadamu hakuandaliwa moto. Aya hiyo imenitoa hofu ya miaka mingi, ingawa haijaniondolea kutetemeka.

Linalonigusa zaidi ni swali la wenye haki: "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakumbuki.

Mwaka huu nilikaa wodini usiku kadhaa nikimuuguza mama. Kitanda cha jirani alilala mzee asiye na mtu. Alikuwa akiomba maji kwa sauti ya chini, nami nilimsikia, nikajiambia kuwa muuguzi atakuja. Akainuka mwanamke mmoja aliyekuwa akimwangalia mwanawe upande wa pili. Hakuwa wa dini yetu, wala lugha yake na ya mzee haikuwa moja. Akamnyanyua kichwa kwa kiganja, akamnywesha kwa kijiko, akingoja kila mara koo lishuke ndipo achote tena. Ilichukua muda mrefu. Kisha akamfuta kidevu kwa pindo la nguo yake, akarudi kwa mtoto. Asubuhi nilimshukuru. Akanitazama kwa mshangao, akauliza, "Kwa lipi?" Ilibidi nimkumbushe.

Nimeshaungama ukimya wangu wa usiku ule. Lakini swali lake bado ninalo, na kila nikifika aya ya 37 nasikia sauti yake.

Mtakapoisikia Injili hii ikisomwa, simameni kidogo hapo kwenye "ni lini". Mwombeeni mzee yule, mwombeeni mwanamke yule na mwanawe, na mimi msinisahau. Nami nawaombea nyote, walio nyumbani, walio njiani, walio vitandani na walio kifungoni.

Heri ya Kristo Mfalme, na Majilio mema. Maranatha, njoo Bwana Yesu!