Shukrani kwa mama aliyetuonyesha Mshtarii hapa Ujiji

Napenda kumshukuru hadharani mama aliyekuja na darubini yake hapa Ujiji, akaisimamisha karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika, akawaonyesha watoto wetu anga hadi usiku ukakolea, kisha akaondoka bila kutuachia jina lake. Kwanza alitundika shuka jeupe ukutani na, kwa projekta, akatueleza safari ya chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kikaipita sayari ya Mshtarii mwaka 1979 na Zohali mwaka 1980, na ambacho mwaka 2012 kilivuka mpaka ambapo upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, hukoma. Baada ya hapo kila mtoto alichungulia mwenyewe, akaona kando ya Mshtarii nukta nne zilizojipanga karibu mstari mmoja, yaani miezi ileile ambayo mwanafalaki Galileo aliiona mwaka 1610. Wazee nao walichungulia, na ilikuwa haki yao. Alitufahamisha pia kwamba, kwa kuwa Kigoma iko karibu na ikweta, sisi huziona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini katika mwaka, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalipati. Mama, pokea shukrani zetu za dhati; ukipita tena Kigoma, tafadhali ubishe hodi kwetu, kwani watoto wanaiulizia Zohali.