Barua ya wazi kwa mdogo wangu, mhazini mpya wa usharika

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Hongera kwa kuaminiwa na mkutano mkuu wa usharika. Umeuliza uanzie wapi, na kwa kuwa swali hilo wanalo wahazini wengi wapya, nimeona nilijibu hadharani. Anzia kwa Mtume Paulo, na jinsi alivyobeba fedha za watu.

Katika miaka ya 50 Paulo alichangisha makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Utaratibu wake uko 1 Wakorintho 16. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kadiri alivyofanikiwa, ili yeye atakapofika pasiwe na kuchangishana. Hakutaka watu watoe kwa sababu tu mtume amesimama mbele yao. Tena akasema watakaoipeleka ni wale ambao Wakorintho wenyewe watawakubali, naye atawapa barua. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, na sababu anaitaja waziwazi: hataki mtu apate neno la kumlaumu juu ya fedha ile, na anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ukifika Matendo 20:4 unawakuta waliosafiri naye: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Luka hasemi kwamba walikuwa walinzi wa mchango, ila wafafanuzi wengi wanawasoma hivyo, nami naona hakuna maelezo mengine yanayofaa kwa safari ya watu saba kutoka sehemu zote hizo.

Kama Paulo alitaka mashahidi, wewe ni nani usiwatake? Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, ibada ikiisha tu, mezani, mlango ukiwa wazi. Tumia fomu yenye mistari ya noti za 10,000, 5,000, 2,000 na 1,000, kisha sarafu. Andikeni idadi ya noti kwanza, halafu thamani, maana anayeandika jumla peke yake hawezi kurudi nyuma kutafuta kosa. Wote watatu wasaini, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, na fedha iende benki Jumatatu ikiwa nzima. Nasema nzima kwa sababu hapo ndipo sharika nyingi huharibikiwa. Mgeni anahitaji nauli, fundi wa vipaza sauti anadai, mtu anachomoa 30,000 kapuni kabla ya kuhesabu kwa nia njema kabisa. Mwisho wa mwaka mapato yaliyoandikwa ni pungufu, matumizi hayana hati, na mtu mwaminifu anaonekana mwizi. Kila kinachotoka kitoke kwa hati ya malipo. Sadaka ya simu nayo iingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe isiingie kwenye laini yako wala ya mchungaji. Ukiona imeingia kwako, ihamishe siku hiyohiyo na umjulishe mwenyekiti kwa maandishi.

Utaambiwa kwamba kanisa la kwanza lilimwachia kiongozi kila kitu. Kuna ukweli ndani yake, na usiukwepe. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo, akiandika Roma karibu na mwaka 155, anasema wenye uwezo na wanaopenda hutoa kila mmoja anachotaka, na kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi wa ibada, ambaye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Didaskalia, kitabu cha utaratibu wa kanisa kilichotoka Siria katika karne ya 3, kinawakataza waumini kumdai askofu hesabu, kwa kuwa mwenye kumdai hesabu ni Mungu. Sasa tazama ilikoishia. Mwaka 451 maaskofu walikutana katika mkutano mkuu wa kanisa mjini Kalkedoni, na katika kanuni ya 26 wakaagiza kila kanisa lenye askofu liwe na mtunza mali kutoka miongoni mwa watumishi wake, ili usimamizi usikose shahidi, mali isitapanywe na ukuhani usilaumiwe. Maneno hayo waliyaandika maaskofu wenyewe, juu ya maaskofu wenzao, baada ya kusikia kwamba baadhi yao wanaendesha mambo peke yao. Kanisa lilijaribu njia ya kumwamini mtu mmoja, likaona matunda yake, likarudi alikokuwa Paulo.

Na itakapotokea kwamba mtu ameanguka? Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya 2, katika barua yake kwa Wafilipi, anamtaja mzee wa kanisa aitwaye Valensi, aliyeponzwa na kupenda fedha. Polikarpo anahuzunika kwa ajili yake na mkewe, anawaombea toba ya kweli, anawaambia Wafilipi wasiwahesabu kama maadui bali wawarudishe kama viungo vilivyopotea. Lakini kosa analiita kosa, kwa jina, katika barua iliyosomwa na kanisa zima. Sisi hufanya kinyume. Tunamhamisha mtu kimya kimya, halafu tunamsema pembeni miaka kumi.

Sasa njoo kwenye matumizi, kwa sababu hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, karibu na mwaka 197, anaeleza mfuko wa kanisa lake: kila mtu huweka kiasi kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, wala hakuna anayelazimishwa. Fedha haiendi kwenye karamu. Inalisha na kuzika maskini, inatunza watoto wasio na wazazi, watumwa wazee, waliovunjikiwa na meli, na ndugu waliofungwa migodini, visiwani na magerezani kwa ajili ya imani. Mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika idadi ya aliokuwa nao: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wenye shida zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa na kanisa hilo. Weka bajeti yenu kando ya hesabu hiyo.

Kuna hati moja ambayo kila mhazini anapaswa kuijua. Tarehe 19 Mei 303, wakati Kaisari Diokletiano akiwatesa Wakristo, wakuu wa mji wa Kirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria, waliingia katika nyumba ya ibada ya Wakristo na kuandika kila walichokikuta. Vikombe 2 vya dhahabu, 6 vya fedha, taa. Halafu mavazi: kanzu 82 za kike, shela 38, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya wanaume na jozi 47 za viatu vya wanawake. Wanahistoria wengi wanaona hii ni akiba ya kuwagawia wahitaji. Stoo ya kanisa ilipofunguliwa na adui, kilichokuwa kingi ndani yake ni nguo na viatu vya wanawake. Ukitengeneza orodha ya mali ya usharika mwaka huu, jiulize vilivyo vingi ni vitu gani.

Mfuko wa diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, uwe na mstari wake wenyewe kwenye daftari, usiwe mabaki ya ujenzi. Na uwe na rejista. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, una masharti makali: mjane wa kuandikwa awe amefikisha miaka 60, awe ameshuhudiwa kwa matendo mema, na mwenye watoto au wajukuu atunzwe na hao kwanza, ili kanisa lisilemewe na liweze kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Sikuambii umkatae mama wa miaka 45 mwenye watoto wadogo. Chukua mantiki yake: andika jina, anaishi na nani, watoto wako wapi na wanaleta nini, anapungukiwa na nini hasa, nani amemtembelea na tarehe gani. Waende wawili, mmoja wao akitoka jumuiya nyingine, na orodha ipitiwe upya kila miezi mitatu, kwa kuwa wengine hali zao hubadilika na wengine hufariki majina yao yakiendelea kupokea.

Angalia pia nani hayumo. Matendo 6 inasema wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Walipochaguliwa watu saba, majina yao yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yaelekea huduma ilikabidhiwa upande ule uliokuwa unalalamika. Kwenu wanaosahauliwa ni wapangaji waliohamia juzi, ambao hawana ukoo hapo na jina lao halifiki kikaoni. Mtafute mmoja wao aingie kwenye kamati ya diakonia.

Kuhusu wafadhili wakubwa nitasema kifupi. Marsioni, tajiri wa karne ya 2, alipojiunga na kanisa la Roma alitoa sestasi (sarafu za Kirumi) 200,000, wakati mshahara wa askari wa kawaida wa jeshi la Roma ulikuwa 1,200 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 144 walimtenga kwa mafundisho yake, na fedha yake wakamrudishia. Waliweza kwa sababu hawakuwa wameigeuza kuwa sauti yake kikaoni. Anayewajengea mnara apewe risiti na shukrani, basi.

Wahubiri wa kupita nao watakuja, na bahasha za mbegu, na mafuta ya upako ya kuuza. Didake, mafundisho ya kanisa ambayo wengi huyaweka karibu na mwaka 100, yanatoa vipimo unavyoweza kuvitumia Jumapili ijayo. Mtume mgeni apokewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Anayesema kwa roho "nipe fedha" asisikilizwe, lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Mgeni wa kawaida asaidiwe siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia, afanye kazi ale. Ukarimu umo humo, na mpaka umo humo. Pendekeza kwa wazee kiasi cha nauli na posho ya mgeni kiandikwe kabla hajaalikwa, na pasiwe na kapu la pili kwa jina lake.

Kikao chako cha kwanza cha kamati ya fedha usipeleke yote haya. Peleka fomu ya kuhesabia, majina sita ya wahesabuji wa kupokezana watatu watatu, na ombi la mstari wa diakonia. Mchungaji akiona unamtilia shaka, mfungulie 2 Wakorintho 8, mstari wa 20 na 21, umwambie unamlinda yeye kwanza. Rejista ya wajane ianze wiki hiyohiyo. Mama mchungaji na mwenyekiti wa umoja wa wanawake wanajua nyumba za kuanzia.

Dada yako akupendaye