Chupa ya "vitamini za akili" imepimwa na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kampala

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Mimi ni muuguzi mstaafu na bibi wa wajukuu wanne. Oktoba iliyopita, siku za kugawa vitamini A, jirani yangu alikataa kumpeleka mwanawe. "Bibi, wangu anakunywa ya akili," akaniambia, akanionyesha chupa ya vitamini zinazodaiwa kuongeza akili, aliyoinunua kwa muuzaji anayepita na gari la kipaza sauti. Aliuza kuku wawili wanaotaga ili aipate. Karatasi ya ndani ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Niliisoma yote: vitamini A haikuwamo. Na asubuhi ile mtoto alikuwa amekunywa uji wa mahindi peke yake.

Imeniuma, kwa sababu vitamini A ya serikali ilipimwa kabla ya kuaminiwa. Kule Aceh, Indonesia, watafiti walichagua vijiji kwa bahati nasibu kati ya 450. Watoto wa vijiji vilivyochaguliwa walipewa, wengine wakasubiri. Matokeo yalichapishwa 1986: waliopewa walikufa wachache zaidi, kwa karibu theluthi moja. Nchi nyingine nazo zikajaribu. Ndiyo maana leo tunajua mtoto wa miezi 6 hadi 11 apewe yuniti 100,000, na wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano apewe 200,000, kila baada ya miezi sita.

Sasa hiyo ya akili: ni watoto gani waliopewa, wakalinganishwa na nani, akili yao ikapimwaje? Muuzaji hujibu kwamba ina vitamini. Ni kweli, inazo. Mtoto aliyepungukiwa hunufaika akipata kile alichopungukiwa. Asiyepungukiwa hapati akili mpya kwa vijiko. Tena vitamini A haitoki na mkojo upesi kama C, hujikusanya kwenye ini, na mama anayechanganya chupa mbili tatu zenye vitamini A kila siku anaweza kumdhuru mwanawe kwa upendo wake mwenyewe. Zile za kuongeza hamu ya kula nazo, baadhi zimetiwa siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Mtoto ananenepa, anatulia, na sifa zinakwenda kwa vitamini.

Naomba, Mheshimiwa, ushahidi wa dai lolote la afya juu ya vitamini za watoto upelekwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa kabla ya dai hilo kuandikwa kwenye chupa au kutangazwa sokoni. Umri na kipimo viandikwe kwa lugha tunazosema: Kisamia, Kiganda, na Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi Julai 2022. Na wahudumu wa afya wa vijijini wafundishwe kuuliza maswali niliyouliza mimi, kisha wamweleze mama kwamba mukene (dagaa), doodo (mchicha), mayai na viazi vya rangi ya machungwa vina kile anachokitafuta.

Yule mtoto alipata matone yake, baada ya mimi na mama yake kuzungumza hadi chai ikapoa. Gari la kipaza sauti bado linapita kila siku ya soko, na Aprili, zamu nyingine ya kugawa vitamini A, iko karibu.

Wako mtiifu,
Bibi wa Busia