Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Misimu Ipangwe kwa Mwinuko, Siyo kwa Wastani wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kutoka Uru, nikiwa mkulima mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha kahawa na migomba huku juu na shamba la mahindi tambarare, upande wa Kahe, kama zilivyo familia nyingi za huku. Ombi langu ni moja: ofisi yako iagize kwamba mipango yote ya mkoa inayotegemea mvua na joto, kuanzia kalenda ya kupanda na ugawaji wa mbegu hadi tahadhari za mafuriko, ifuate kanda za mwinuko badala ya wastani wa wilaya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutupatia utabiri wa masika, yaani Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, nasi tunauheshimu. Shida inaanza pale neno "wastani" linapotua katika wilaya yenye hali ya hewa zaidi ya moja. Mipaka yetu imechorwa ikiteremka na Mlima Kilimanjaro: Wilaya ya Moshi inaanzia msituni na kuishia nyika za Kahe, Hai inaanzia juu ya Machame na kuishia kwenye tambarare za uwanja wa ndege wa KIA, na Rombo inatoka msituni hadi mpakani na Kenya. Mji wa Moshi hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka. Ukipanda mteremko wa kusini hadi karibu mita 2,200, ndani ya msitu, kiasi hicho hupita milimita 2,000, na ukiteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Arusha Chini hushuka hadi karibu 500. Umbali wa kutoka huko juu hadi huko chini haufiki kilomita 50. Wastani wa sehemu hizo tatu hauelezi hata mojawapo.

Chanzo cha tofauti hii kinajulikana vizuri. Wakati wa masika, ukanda wa mvua unapovuka ikweta kuelekea kaskazini, pepo za kusini mashariki huleta unyevu wa Bahari ya Hindi, na unyevu huo ukikutana na mlima hulazimika kupanda, kupoa na kuwa mvua. Ndiyo maana Kibosho, Uru na Machame hunufaika sana na masika, huku Siha, iliyo upande wa magharibi, ikipata kidogo, na miji ya Same na Mwanga ikibaki kwenye kivuli cha milima ya Upare. Vuli ina tabia tofauti, kwani upande wa Rombo huitegemea kuliko sisi wa kusini, nayo hubadilika mno mwaka hadi mwaka kwa sababu inafuata joto la bahari. Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko ya mashariki, vuli ilifurika Afrika Mashariki yote. Mwaka 2022 hali iligeuka na mvua zikawa haba. Mkulima wa Rombo akiambiwa apande kwa kalenda ya Kibosho, anaweza kupoteza mbegu na mbolea ya mwaka mzima.

Joto nalo lina kanda zake. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, hivyo Februari, wakati mchana wa mji wa Moshi unapita nyuzi 30, watu wa karibu na msitu huvaa sweta jioni. Julai huku kwetu ni mwezi wa mawingu mazito na manyunyu, kahawa iliyochumwa haikauki vyema, ilhali tambarare ni kukavu na mahindi yanavunwa bila taabu. Kahawa ya arabika inaumizwa zaidi na kupanda kwa joto la usiku kuliko la mchana, na hilo ni jambo ambalo wastani wa siku hauonyeshi kabisa.

Naomba pia tuutazame msitu kwa uzito unaostahili. Barafu ya kilele cha Kibo, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ndiyo inayosemwa zaidi, lakini mito na mifereji yetu hulishwa hasa na mvua inayonyesha msituni. Mvua hiyo hiyo ndiyo hatari ya walio chini. Ikinyesha usiku kucha juu ya Uru, Mto Rau hupanda, na mtu wa Kahe anaweza kuamkia maji shambani wakati kwake halikudondoka tone. Tahadhari inayomfaa ni ile inayotokana na kipimo cha huku juu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kila kata iwe na kipimamvua angalau kimoja, kikiwekwa katika shule ya msingi na kusomwa kila siku saa 3 asubuhi, na takwimu zake zipelekwe kwa wataalamu wa hali ya hewa na kubandikwa ofisi ya kata. Chombo hiki ni cha gharama ndogo na hesabu yake inafundishika darasani: milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita ya mraba, sawa na lita 10,000 kwa hekta. Naomba maafisa ugani wapewe kalenda tatu, ya tambarare, ya vihamba na ya ukanda wa karibu na msitu, wala siyo moja ya wilaya nzima. Naomba pia kata za juu na za chini ya mto mmoja ziwe na njia ya kupashana habari usiku uleule mvua inaponyesha. Tungependa kalenda hizo zitufikie kabla ya mwisho wa Januari, kwa sababu Februari ndiyo tunayotayarisha mashamba ya masika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa Uru,
Moshi