Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mifugo wa Wilaya, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu. Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu huku shughuli za chanjo zikikusubiri. Karibu sana Urambo sekondari, karibu katika klabu yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mada tuliyoichagua mwaka huu ilizua maneno: panya wa maabara waliobadilishwa jeni, na jinsi wanavyotumika kuchunguza kinga ya magonjwa. Wapo waliotuuliza kama tunataka kufuga panya bwenini. Hapana, waliopo wanatosha.

Tulianzia kwa ndorobo, yaani mbung'o, nzi anayefyonza damu na kueneza vimelea, maana huku kwetu huyo hatumsomi kitabuni. Warina asali wanakutana naye porini, na wafugaji wanajua ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea hivyo, anavyokonda malisho yakiwa tele. Ndorobo akiwa na kimelea aina ya rhodesiense, binadamu anayeumwa naye hupata malale, ugonjwa wa kusinzia.

Lakini vimelea vingi vya nagana vikiingia kwenye damu ya binadamu hufa. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran aliwachoma panya wagonjwa seramu ya binadamu, yaani majimaji ya damu yaliyobaki damu ikiganda, akaona vimelea vinatoweka. Ilichukua miaka 100 na ushei kumjua muuaji: mwaka 2003 watafiti wa Brussels walionyesha kuwa ni protini iitwayo APOL1. Protini hiyo hutoboa utando ndani ya kimelea, chumvi na maji vikaingia, kimelea kikavimba hadi kupasuka. Rhodesiense anaponea kwa sababu ana protini yake, SRA, inayoikamata APOL1 na kuizima.

Sasa nyani, huyu huyu anayetumalizia mahindi, haugui malale ya rhodesiense. APOL1 yake haikamatiki na SRA. Je, jeni yake ikihamishwa, itamlinda mnyama mwingine?

Swali hilo lilijibiwa na panya. Kwa asili panya hana APOL1, hivyo akiambukizwa kimelea kikali hufa baada ya siku chache. Watafiti wa New York walitia jeni ya nyani, pamoja na nyingine za kuisaidia, kwenye maji, wakayasukuma kwa kasi ndani ya mshipa wa mkia wa panya, kwa sekunde chache tu. Ini lilizipokea, likaanza kutengeneza protini ambazo panya hajawahi kuwa nazo. Halafu wakawaambukiza. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kuwa APOL1 ya nyani, ikisaidiwa na protini nyingine mbili, iliwakinga panya dhidi ya kimelea cha mifugo na hata rhodesiense.

Panya wa jaribio hilo hawawarithishi watoto wao jeni hizo. Wapo wengine wanaozaliwa na jeni ngeni, na hao ndio waliotufunza zaidi. Mwaka 2010 iligundulika kuwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, hasa ya Magharibi, wana APOL1 iliyobadilika kidogo ambayo humuua hata rhodesiense. Ila mtu akiirithi kwa baba na kwa mama pia, hatari ya kuugua figo hupanda sana. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu panya ambao jeni hiyo iliwashwa katika seli za figo zao: protini zilivujia kwenye mkojo na figo zikapata makovu, kama kwa binadamu.

Kwa maoni yetu, majibu ya figo yana thamani kuliko yale ya kwanza. Kila mtu anafurahia kusikia jeni inalinda; ni wachache wanaouliza inadai nini.

Tunayasema haya kwa kuwa Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, alizaliwa dume la ng'ombe wa Boran kwa njia ya klonu, yaani nakala ya kijeni ya mnyama mwingine, akaitwa Tumaini. Hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa hatua ya kuandaa ng'ombe watakaokuwa nayo. Wazazi wetu, mkiambiwa mnadani kuwa mtu anauza ng'ombe asiyeshikwa na nagana kwa sababu ya jeni ya nyani, shikeni pesa zenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Hadubini yetu ni moja na lenzi yake imeota ukungu, kwa hiyo kimelea cha nagana tunakijua kwa picha ya ubaoni. Tunaomba hadubini nyingine, pamoja na slaidi za damu zilizokwisha kukaushwa na kutiwa rangi. Tunaomba pia vitambaa vya bluu na vyeusi, na mtaalamu wa kutuelekeza kushona mitego ya ndorobo tuitege kando ya malambo kabla ya mvua.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanaklabu.