Waridi Lenye Fumbo

Mwanza, 6 Oktoba

Mpendwa Mama Tumaini,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo mvua za vuli zikikaribia hulijua kabla ya watabiri wa hali ya hewa.

Barua yako niliipata Jumanne na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Unanieleza kwamba ulipokuwa unatandika kitanda cha mjukuu wako ulikuta chini ya godoro kitabu kilichojaladiwa kwa gazeti, kwamba ulipofunua ukakuta ni riwaya ya Rosa Mistika, na kwamba sasa kimefungiwa kabatini pamoja na vitenge vyako, mpaka mimi niliyefundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka 31 nitakapokuambia kama binti wa Kikristo wa kidato cha tatu anastahili kukisoma. Unaongeza kwamba tangu siku hiyo binti anakuamkia na kukujibu kwa adabu, lakini hazungumzi.

Kabla sijakujibu, naomba turudi kidogo bwenini. Mimi nililala kitanda cha chini, wewe ulilala cha juu yangu, na kitabu hicho hicho kilipofika zamu yetu kilikuwa hakina jalada wala kurasa nane za mwanzo, kimefunikwa kwa jalada la kitabu cha hisabati. Ulikisoma kwa tochi yangu ndani ya blanketi mpaka betri zikaisha, nami sikukusamehe kwa wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimebakiza sura ya mwisho. Na bila shaka unakumbuka Oktoba ile, katika rozari ya jioni, tulipofika kwenye litania, ile sala ya kumwita Mama Maria kwa sifa zake, na Sista akatamka, "Waridi lenye fumbo," badala ya sauti mia mbili kuitikia, "Utuombee," upande wetu wa kanisa ulisikika mkwaruzo wa wasichana wanaobana kicheko puani, kwa kuwa Rosa Mistika ndiyo maneno hayo hayo kwa Kilatini. Tulipiga magoti saa nzima kwenye sakafu ya saruji. Huenda hili goti nilikuwa naliandaa tangu siku hiyo.

Nakukumbusha jambo hilo kwa sababu ndipo usomaji wangu wa Kikristo ulipoanzia, ingawa wakati ule sikujua. Tulicheka kwa kuwa tulidhani mwandishi amelichukua jina takatifu la Mama Maria na kulipaka matope. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mwandishi huyo, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, aliyepita seminari ya Nyegezi hapa hapa Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuweza kuokota jina hilo kwa bahati. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo anazijua sifa za litania kama anavyoujua mlango wa nyumba yao. Tazama na majina mengine aliyoyagawa. Mama mwenye kustahimili anaitwa Regina, yaani Malkia. Mwanamume anayemharibu Rosa, msichana wa kitabu hicho, anaitwa Deogratias, maneno yale ya Kilatini ambayo wazee wetu waliitikia mwisho wa Misa, "Tumshukuru Mungu." Na baba mlevi, mkali kupita kiasi, anaitwa Zakaria. Yule Zakaria wa Injili ya Luka alifungwa ulimi hekaluni kwa kutoamini kwamba atapata mtoto. Huyu wa Ukerewe ulimi wake uko wazi, mtoto anaye, na hajui kuzungumza naye ila kwa fimbo. Mwandishi asiyejali dini asingejisumbua hivyo.

Sasa nifike kwenye lile unaloliita uchafu. Ni kweli umo. Kitabu kilipotoka mwaka 1971 kilishtua watu wengi, na kwa kipindi fulani kilipigwa marufuku mashuleni, ndiyo maana kwetu kilipita chini kwa chini. Humo mna ulevi, uzinzi, kutoa mimba na kujiua, wala sitaki kukuambia kwamba hayo ni madogo. Ninachokuomba ni kukumbuka kwamba kitabu kilichoko juu ya meza yako ya sebuleni, kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kina Amnoni aliyejifanya mgonjwa ili ambake dada yake Tamari, kisha akamchukia na kuamuru afungiwe mlango nyuma yake. Kina Daudi aliyelala na mke wa askari wake halafu akapanga askari huyo afe. Kina yule mwanamke wa Gibea katika Waamuzi 19, ambaye sithubutu kuusoma mkasa wake kwa sauti hata leo. Hatujawahi kuyafungia kabatini. Tunajua kwamba hayakuandikwa ili yatamanishe, na kwamba anayeyasoma mpaka mwisho hatoki na hamu ya kuwa Amnoni. Basi mimi nikipima riwaya au sinema sianzi kwa kuhesabu dhambi zilizomo. Naangalia kama dhambi inaonyeshwa jinsi ilivyo, pamoja na utamu wake wa mwanzo na bili inayokuja baadaye, na kama aliyeumizwa anaonekana kuwa mtu.

Kwa kipimo hicho, Mama Tumaini, niruhusu niseme jambo litakalokuudhi kidogo. Unaandika kwa furaha kwamba vijana wa parokia unaowalea huwaonyeshi chochote ila filamu safi, na unaitaja ile tuliyoitazama pamoja sebuleni kwako baada ya msiba wa shemeji. Naikumbuka vizuri. Shangazi alikuwa mchawi, nabii akaja na suti nyeupe, akainua Biblia, shangazi akaanguka akitokwa povu, na dakika kumi baadaye mpwa wake alikuwa anashuka kwenye gari jipya lenye utepe mwekundu. Hapakuwa na busu, hapakuwa na tusi, na nilisinzia kwa amani. Lakini jiulize vijana wameondoka na nini. Dhambi wameiona ikikaa kwa shangazi, si ndani yao. Wokovu wameuona ukipaki mbele ya nyumba. Mtumishi wa Mungu hakukosea hata mara moja, wala hakuna aliyeomba msamaha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cha kuombea msamaha ila mchawi, na mchawi keshakufa. Mimi naiona filamu hiyo kuwa hatari kuliko Rosa, kwa sababu inadanganya juu ya Mungu mwenyewe, tena kwa sauti nzuri ya kwaya.

Linganisha na usiku ule, mwishoni mwa miaka ya 1980, walipotuletea filamu ya Yesu uwanjani kwa jenereta na shuka jeupe lililofungwa kati ya miembe miwili. Ni ile ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka, iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ambayo mhusika wake mkuu ni Mwingereza Brian Deacon. Watu wa kijijini waliendelea kwa miaka mingi kumwona Bwana Yesu na sura ya kijana yule, nalo ni tatizo lake lenyewe, tuliache. Petro alipomkana Bwana mara ya tatu, bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele yetu juu ya ndoo alisimama akapiga kelele, "Muongo mkubwa wewe! Jana tu ulikula naye!" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa Petro alikuwa tayari analia. Yule bibi hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini alifanya hasa kile ambacho masimulizi yameletwa yafanye: alimkasirikia mtakatifu kwa haki, halafu akamhurumia.

Usidhani nimeyatunga haya kwa kuwa nimezoea kutetea vitabu. Nabii Natani hakumwendea Daudi na orodha ya amri. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, na Daudi akahukumu kwa hasira kabla ya kujua kwamba amejihukumu mwenyewe. Mtakatifu Paulo alipokuwa Athene aliwanukuu washairi wa watu wale wale aliokuwa anawahubiria, ambao hawakuwa Wakristo wala Wayahudi. Kanisa letu lilikuwa na orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa tangu mwaka 1559, na likaacha kuitumia mwaka 1966, miaka mitano tu kabla ya Rosa Mistika kutoka. Likatuachia dhamiri, ambayo ni kazi ngumu kuliko orodha. Na Papa Fransisko, katika barua yake ya Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, anasimulia kwamba mwaka 1964 na 1965, alipokuwa mwalimu kijana katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, alitakiwa kufundisha utenzi wa kale wa Kihispania wa El Cid, wanafunzi wakanung'unika kwamba wanamtaka mshairi García Lorca. Basi akawaambia El Cid waisome nyumbani, na darasani akashughulika na waandishi ambao wanafunzi wenyewe waliwapenda. Nilipoisoma sehemu hiyo nilikumbuka yule Sista na sakafu ya saruji.

Mtakatifu Basili naye, katika karne ya nne, aliwausia vijana wasome maandishi ya wapagani kama nyuki, ambaye hatui kila ua wala habebi kila kitu, na kama mtu anayechuma mawaridi huku akiikwepa miiba. Ushauri huo nimewapa wanafunzi kwa miaka mingi. Siku hizi, nikisema ukweli, naona kwamba kwa waridi hili haufai, kwa sababu ukiikwepa miiba yake hutabaki na kitu mkononi.

Fikiria ninachokusudia. Mwanzoni Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles. Hakuna anayemuuliza imeandikwa nini, wala yeye anafikiri nini. Anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na anapokwenda masomoni, mbali na ile fimbo, hana kitu kingine cha kumwongoza. Anaanguka, anaendelea kuanguka, na kisha, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, anageuka. Anarudi nyumbani akiwa mwalimu, anaishi kwa heshima, na Charles yule yule anarudi kumchumbia. Kwa lugha yetu, Mama Tumaini, Rosa amekwisha kutubu. Kinachomfanya Charles aondoke ni kugundua kwamba mchumba wake si bikira, na hapo ndipo binti anapojiua. Charles alitaka bikira. Hakumtaka Rosa mwenyewe. Padre angemwondolea dhambi zote kwa dakika tano katika kiti cha maungamo, lakini kijiji hakina kiti cha namna hiyo. Sijui mahubiri ya Kwaresima yaliyowahi kunichoma kama sura hizo, na zimeandikwa na mtu ambaye wengi walimwita mharibifu wa vijana.

Nina ugomvi wangu na kitabu hicho pia. Vifo vya mwishoni vinakuja haraka mno, kama mtu anayefagia nyumba kwa kuwa wageni wako njiani, na kukata tamaa kunapewa nguvu kuliko neema. Lakini halafu mwandishi anafanya jambo la ajabu: anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, wasemeane. Ni swali lile lile wanafunzi walilomuuliza Yesu kuhusu kipofu katika Yohana 9, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake. Nimewahi kuona darasa zima la kidato cha tano likigawanyika katikati juu ya kesi hiyo, kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka, na kijana mmoja mpole ambaye hakuwahi kunyoosha mkono akasimama na kusema kwamba yeye anamwonea huruma Zakaria, kwa kuwa baba yake yuko hivyo hivyo na hajawahi kufundishwa namna nyingine. Hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Muziki wa vijana unaoulizia mwishoni mwa barua yako sitaugusa leo. Nyimbo zile nyingi ninazozisikia kwenye daladala ni za kununulia bia tu, na chache zina huzuni ya kweli, lakini hilo linataka barua yake.

Nirudi kwenye kabati lako. Umemkuta binti ameficha maandishi, umeyachukua, umeyafungia, na hukumuuliza amefika wapi. Najua umefanya hivyo kwa kumpenda, na sikufananishi na mtu wa fimbo. Mikono yako naijua. Lakini ukikifungua kitabu hicho sasa hivi utaona kwamba mumo ndani yake, wewe na mjukuu wako, katika kurasa zile zile ambazo nakala yetu ya bwenini haikuwa nazo.

Mrudishie. Mwambie kwamba na wewe ulikisoma, kwa tochi ya kuazima, na uwe tayari akikushangaa. Kisha muulize kama amefika kwenye ile kesi, na kama hajafika usimsimulie, mngoje. Mimi nitashuka na basi la Ijumaa ya tarehe 25 kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa Mama Neema, nami nitakuja na nakala yangu yenye kalamu nyekundu pembeni, ili tuwe na mbili. Jioni tutasali rozari kama kawaida, na nitafurahi kama binti ndiye atakayetuongozea litania.

Msalimie Baba Tumaini, na umwambie ile dawa ya goti aliyoniahidi bado naisubiri.

Ni mimi, ndugu yako wa kitanda cha chini.